Timu Kubwa Katika Viwanja Vidogo: "Kwa Muda" ni kwa Gharama ya Nani?



Neno "kwa muda" tunalijua sote. Tumelisikia shambani, tulipohamishiwa sehemu mpya kabla ya nyumba kujengwa. Tumelisikia kiwandani, mashine ilipoharibika na zamu zikapunguzwa. Mara nyingi anayelitamka ni mwenye mali, na anayelibeba ni mwenye mikono. Leo tunapenda kuwasimulia jinsi neno hilo lilivyofanya kazi mbali na kwetu, huko Marekani, tena katika kazi ambayo watu wengi hawaiiti kazi: mchezo wa besiboli.

Mwaka 2025 timu mbili kati ya 30 za ligi kuu ya besiboli zilicheza msimu mzima katika viwanja vidogo vya timu za ligi za chini. Moja ilifukuzwa kwake na kimbunga. Nyingine haikufukuzwa na mtu. Mwenye timu aliamua kuhama. Kabla yao, mwaka 2020 na 2021, timu ya tatu iliondolewa mjini kwake na maradhi ya korona. Tukiziweka timu hizi tatu pamoja, tunaona jambo linalotuhusu hata sisi ambao hatujapata kuushika mpira huo. Wenye chama na mkataba walipata nafasi ya kusema neno. Wasiokuwa navyo waliletewa habari tu.

MCHEZO NA WANAOISHI KWAO

Kwa wasioujua mchezo huu: mchezaji mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, mwenzake wa upande wa pili huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne ili aipatie timu yake alama. Kwa jirani zetu wa Uganda si mchezo mgeni kabisa. Watoto wa Lugazi, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa miwa na kiwanda chake cha sukari, walikwenda Marekani mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto. Na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda walitia sahihi mkataba na timu ya Los Angeles Dodgers, ili waanze kupanda ngazi za chini.

Ligi kuu huanza mwishoni mwa Machi na kumaliza michezo yake ya kawaida mwishoni mwa Septemba. Kila timu hucheza michezo 162, na nusu yake, yaani 81, huchezwa nyumbani. Hesabu hiyo ya 81 tuishike vizuri. Kwa mwenye timu ni michezo 81. Kwa muuza vinywaji, mpishi, mkata tiketi, mlinzi na mfagiaji wa majukwaa ni siku 81 za ujira.

Chini ya ligi kuu kuna ngazi nne za ligi ndogo, zenye timu 120. Kila timu ya ligi kuu ina timu nne za chini zinazoilelea wachezaji. Viwanja vya ligi ndogo si vibaya. Ni vizuri kwa kipimo chake: viti vya watu elfu kumi hivi au pungufu, sehemu ya nyasi ambapo watu hukaa na watoto wao, taa za kutosha mchezo wa kawaida wa jioni, na vyumba vya kubadilishia nguo vya vijana wanaoanza maisha. Viwanja vya ligi kuu huchukua watu 35,000, 40,000 na hata zaidi. Basi timu kubwa ikiingia katika uwanja mdogo ni kama kiwanda kizima kuhamia katika karakana. Kazi ni ile ile, lakini nafasi, taa, maji na milango ni vya kipimo kingine.

MARADHI YALIPOFUNGA MPAKA

Toronto Blue Jays ni timu ya Kanada, na wapinzani wake wote wako Marekani. Mwezi Julai 2020, maradhi ya korona yakiwa yameenea, serikali ya Kanada ilikataa timu kuingia na kutoka nchini kila wiki. Tarehe za michezo zilikuwa zimekaribia, na timu haikuwa na uwanja. Ilielekea Pittsburgh, lakini wakuu wa jimbo la Pennsylvania wakakataa kwa sababu ya maradhi. Michezo yake ya kwanza ya "nyumbani" mwaka huo ikachezewa Washington, katika uwanja wa wapinzani wake wenyewe. Mwenye nyumba akawa mgeni, na mgeni akaandikwa kuwa mwenye nyumba.

Tarehe 11 Agosti 2020 ndipo ilipoanza kucheza Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio karibu na mpaka wa Kanada, katika uwanja wa timu yake ndogo iitwayo Bisons. Mafundi walikuwa na wiki chache tu za kuongeza taa na kusimamisha mahema makubwa ya kuongezea nafasi ya wachezaji. Watazamaji hawakuruhusiwa mwaka huo. Mwaka 2021 timu ilianza msimu katika uwanja wake mdogo wa mazoezi huko Dunedin, Florida, ikarudi Buffalo mwezi Juni, na hatimaye ikaingia kwake Toronto tarehe 30 Julai 2021.

Hapa hatuna mwajiri wa kumlaumu. Maradhi hayachagui. Lakini tuulize: Bisons walikuwa wapi mwaka huo wa 2021? Walipelekwa Trenton, katika jimbo la New Jersey, wakaishi huko mpaka wakubwa walipoondoka. Mkubwa alipokosa kiti, mdogo ndiye aliyesimama.

KIMBUNGA KILIPOONDOA PAA

Tampa Bay Rays ni timu ya Florida. Uwanja wake, Tropicana Field, uko katika mji wa St. Petersburg na ni mali ya mji. Una paa la kitambaa kizito lililovutwa kwa nyaya. Mwezi Oktoba 2024 kimbunga kilichopewa jina la Milton kilipokaribia, serikali ilipanga vitanda vya safari kwa maelfu ndani ya uwanja huo, ili wafanyakazi wa uokoaji wapate mahali pa kulala. Kabla ya upepo kufika waliondolewa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba sehemu kubwa ya paa ilichanwa vipande vipande. Laiti wale watu wangeachwa wamelala pale! Tunawapongeza waliofanya uamuzi wa kuwatoa, kwa maana katika ajali nyingi za kazini tunazozijua uamuzi wa namna hiyo huchelewa.

Timu ikatafuta mahali pa kucheza. Msimu wa 2025 ikaupitisha mjini Tampa, katika uwanja uitwao George M. Steinbrenner Field, ambao timu ya New York Yankees hutumia kwa mazoezi kabla ya msimu. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 28 Machi 2025, na watu 10,046 walijaza uwanja. Kwa kuwa hauna paa, na mvua za Florida hunyesha sana katikati ya mwaka, ratiba ilibadilishwa ili michezo mingi ya nyumbani ichezwe miezi ya mwanzo. Wakati huo mji wa St. Petersburg ulianza kuutengeneza uwanja wake, ili timu irudi mwaka 2026.

Na hapa pia palikuwa na mdogo. Steinbrenner Field ni nyumbani kwa Tampa Tarpons, vijana wa ngazi ya chini kabisa kati ya zile nne. Msimu ule walicheza katika uwanja wa mazoezi ulio nyuma ya uwanja mkubwa. Walibaki kwenye eneo lile lile, lakini nyuma ya nyumba.

MWENYE TIMU ALIPOAMUA

Sasa tunafika Oakland, na hapa hapakuwa na maradhi wala upepo.

Oakland ni mji wa bandari katika jimbo la California, mji wa wapakuzi wa meli, madereva wa malori na mafundi. Timu ya Athletics ilihamia hapo mwaka 1968 kutoka Kansas City, ambako nako ilikuwa imehamia kutoka Philadelphia. Ikiwa Oakland ilitwaa ubingwa mara nne: 1972, 1973, 1974 na 1989. Kiwanja chake, Coliseum, kilifunguliwa mwaka 1966, na kwa miaka mingi hakikutunzwa inavyopasa. Mwaka 2013 maji machafu yalifurika hata katika vyumba vya wachezaji. Mwenye timu, John Fisher, ambaye wazazi wake walianzisha maduka ya nguo ya Gap, alisema uwanja umezeeka. Hilo ni kweli, na hatulifichi.

Lakini tutazame namna mambo yalivyokwenda. Kwa miaka kadhaa palizungumzwa mpango wa kujenga uwanja mpya kando ya bandari. Chama cha wafanyakazi wa bandari, ILWU, kiliupinga kwa hofu kwamba shughuli za mizigo zitabanwa na kazi za wanachama zitapotea. (Wasomaji wa umri mkubwa watakikumbuka chama hicho: mwaka 1984 wanachama wake wa San Francisco walikataa kwa siku 11 kupakua shehena iliyotoka Afrika Kusini ya makaburu.) Mwezi Aprili 2023 timu ikatangaza kwamba imepata ardhi Las Vegas, mji wa hoteli na kamari katika jimbo la jangwa la Nevada. Wakati huo wachezaji wake bora walikuwa wamekwisha kuuzwa mmoja mmoja. Mwaka 2023 timu ilishindwa michezo 112 na kushinda 50 tu. Majukwaa yalibaki wazi, na uwazi huo ukatumiwa kuthibitisha kwamba watu wa Oakland hawaitaki timu.

Watu wa Oakland walijibu kwa namna yao. Tarehe 13 Juni 2023 walikubaliana waje wote kwa siku moja ili waonekane. Walifika 27,759, wengi wakiwa wamevaa fulana za kumtaka mwenye timu aiuze. Siku hiyo hiyo Baraza la Seneti la Nevada lilipitisha mswada wa kutoa hadi dola milioni 380 za umma kusaidia ujenzi wa uwanja wa Las Vegas. Mwezi Novemba wenye timu wote 30 walipiga kura, na wote 30 wakakubali timu ihame. Wafanyakazi wenzetu, mara ngapi tumeona wenye mali 30 wakigawanyika katika jambo linalomhusu mmoja wao? Umoja tunaouhubiri kila siku katika mikutano yetu, wao wanao na wanautumia.

Uwanja mpya uliahidiwa kwa mwaka 2028. Mkataba wa kutumia Coliseum ulikuwa unakwisha 2024, na mazungumzo ya kuuongeza na mji wa Oakland hayakufika popote. Hivyo tarehe 4 Aprili 2024 likatangazwa lile neno tunalolijua. Timu itacheza "kwa muda" katika uwanja mdogo wa West Sacramento, safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari, kuanzia 2025 hadi 2027, na ikibidi 2028.

Mchezo wa mwisho Oakland ulikuwa tarehe 26 Septemba 2024. Watu 46,889 walikuja kuaga. Siku ile majukwaa yalijaa, vinywaji viliuzwa, na wafagiaji walibaki na kazi hadi usiku. Kesho yake zile siku 81 za ujira hazikuwapo tena.

NDANI YA UWANJA MDOGO

Sutter Health Park ni uwanja wa River Cats, timu ya ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Ulifunguliwa mwaka 2000 na huchukua watu 14,000 hivi, pamoja na wanaokaa kwenye nyasi. Mchezo wa kwanza wa Athletics ulifanyika tarehe 31 Machi 2025 dhidi ya Chicago Cubs. Walifika watu 12,119, na wenyeji wakafungwa alama 18 kwa 3.

Katika viwanja vya ligi kuu, mchezaji hutoka chumba cha kubadilishia nguo akapita njia ya ndani hadi kibanda cha timu kando ya uwanja. Akiumia kidogo, akitaka maji baridi au akitaka kujaribu mikono kabla ya zamu yake, hurudi ndani mara moja. Hapa vyumba viko ng'ambo, nyuma ya ukuta wa mbali wa uwanja. Mchezaji akitaka kwenda chumbani huvuka uwanja mzima mbele ya watazamaji, na mchezo ukiendelea hana njia. Kwa mtu wa kiwandani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ni kama choo na bomba la maji kuwekwa upande wa pili wa barabara kuu.

Tena River Cats hawakuondoka. Timu mbili zikashirikiana nyasi zile zile: michezo 81 ya wakubwa na 75 ya wadogo, jumla zaidi ya 150 katika msimu mmoja. Watunza nyasi, ambao kwa kawaida hupata siku za kuacha ardhi ipumzike, wakawa timu moja ikiondoka leo, nyingine inaingia kesho.

Timu pia ilipoteza jina la mji. Haiitwi ya Oakland, wala ya Sacramento, bali "Athletics" tu. Mwaka 2025 mkono mmoja wa jezi ulikuwa na alama ya Sacramento, na mkono wa pili alama ya Las Vegas. Wakazi wa Sacramento waliombwa wanunue tiketi za timu iliyokwisha kuvaa jina la mji wa kesho. Haishangazi kwamba kwa wastani watazamaji hawakufika 10,000 kwa mchezo.

NENO LA CHAMA

Sasa tuangalie chama kilivyofanya. Kwa kuwa timu mbili zingetumia uwanja mmoja, mwanzoni ilipangwa ziwekwe nyasi za bandia, ambazo hazihitaji kupumzika. Kwa mwenye uwanja ni hesabu nyepesi. Lakini kiangazi cha Sacramento hupita nyuzi 38 za Selsiasi, na nyasi za bandia hushika joto kuliko ardhi yenye majani. Chama cha wachezaji wa ligi kuu kilileta hoja hiyo mezani, na kabla ya mwaka 2024 kwisha ikaamuliwa kwamba nyasi za kweli zibaki.

Jambo hili tulitie maanani. Chama hakikuweza kuzuia timu isihame. Mamlaka hayo hakina, na wenye mali hawajakubali kuyatoa. Lakini kilikuwa na haki ya kuzungumzia hali ya mahali pa kazi, na kwa haki hiyo miguu ya wanachama wake ikaepushwa na joto lile.

Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1966 wachezaji walimwajiri Marvin Miller, mtu aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma. Mwaka 1968 walipata mkataba wa pamoja wa kwanza, na mshahara wa chini ukapanda kutoka dola 6,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 mshahara wa chini wa mchezaji wa ligi kuu ulikuwa dola 760,000. Hatuwaombi mwalilie watu hao. Lakini mtupaji Luis Severino, mwenye mkataba wa dola milioni 67 kwa miaka mitatu, alilalamika hadharani mwaka 2025 kwamba kucheza Sacramento kunafanana na kucheza michezo ya mazoezi. Ikiwa mtu wa mamilioni haoni haya kusema kwamba mahali pake pa kazi hapafai, mfanyakazi wa mashine ya kukamulia miwa aone haya ya nini?

Ngazi za chini zilichelewa. Kwa miaka mingi kijana wa ligi ndogo alilipwa kwa miezi ya msimu tu, na mazoezi ya kabla ya msimu aliyafanya bila mshahara. Mwaka 2018 bunge la Marekani lilipitisha hata kifungu cha kuwanyima malipo ya saa za ziada. Mwezi Septemba 2022 vijana hao walijiunga na chama cha wakubwa, na mwezi huo huo chama chenyewe kikaingia katika shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO. Mwezi Machi 2023 mkataba wao wa kwanza ulikuwa tayari. Mshahara wa chini wa ngazi ya juu ya ligi ndogo ulipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, na wa ngazi ya mwisho kutoka dola 11,000 hadi 26,200. Kwa hiyo Tarpons walipopelekwa nyuma ya nyumba mwaka 2025, walikwenda huko wakiwa na mkataba mkononi. Bisons walipopelekwa Trenton mwaka 2021 hawakuwa nao.

AMBAO HAWAKUULIZWA

Tumebaki na wenzetu wa majukwaani. Katika viwanja vingi vya Marekani, anayekuuzia chakula si mwajiriwa wa timu. Ameajiriwa na kampuni ya huduma iliyopewa zabuni. Timu ikihama, kampuni hiyo inaweza kusema haikuhama yeyote, kazi imekwisha tu. Na timu inaweza kusema haikumwajiri mtu huyo. Mfanyakazi hubaki katikati ya milango miwili iliyofungwa. Ndugu zetu wanaoingizwa mashambani na wakala wa vibarua wanaijua milango hiyo.

Tuseme na upande wa pili wa ukweli. Ujira uliotoka Oakland haukupotea wote duniani. Sehemu yake imekwenda kwa wauzaji, walinzi na wafagiaji wa West Sacramento, nao ni wafanyakazi wenye watoto kama wa Oakland. Hatuwalaumu. Hata Nevada wafanyakazi hawakuwa na neno moja. Vyama vya mafundi wa ujenzi viliunga mkono uwanja kwa sababu ya kazi za kujenga, na chama cha walimu kikapinga kwa hoja kwamba fedha za umma ziende kwanza mashuleni. Huo ndio ustadi wa kuhamahama kwa mali: humfanya maskini wa mji mmoja aonekane adui wa maskini wa mji mwingine.

Lakini Las Vegas kuna mfano mmoja wa kuuchukua. Uwanja mpya unajengwa mahali palipokuwa na hoteli ya Tropicana, iliyofunguliwa mwaka 1957. (Jina ni lile lile la uwanja wa Florida, lakini ni mahali pengine kabisa.) Hoteli ilifungwa tarehe 2 Aprili 2024, na tarehe 9 Oktoba ikabomolewa kwa baruti. Wapishi, wahudumu na wasafishaji wake wengi walikuwa wanachama wa chama kiitwacho Culinary, na mkataba wao ulikuwa na kifungu cha kiinua mgongo endapo hoteli itafungwa. Kwa hiyo waliondoka wakiwa wamepoteza kazi, lakini hawakuondoka mikono mitupu. Kifungu kile kiliandikwa wakati hoteli ingali inapokea wageni. Siku ya baruti ingekuwa kuchelewa.

MUDA HUZAA KUONDOKA

Wazee wa Brooklyn, mjini New York, wangeweza kutueleza yote haya mapema. Mwaka 1956 na 1957 timu yao, Dodgers, ilikuwa na uwanja wake, nao ulikuwa mzima. Hata hivyo mwenye timu, Walter O'Malley, alichukua michezo 15 akaipeleka katika uwanja wa Jersey City, ng'ambo ya mto, uliokuwa wa timu ya ligi ndogo. Ni uwanja ule ule ambapo Jackie Robinson, mwaka 1946, alianza kuvunja ubaguzi uliowafungia watu weusi nje ya ligi hizo. O'Malley alikuwa akidai ardhi ya kujenga uwanja mpya, na michezo ile 15 ilikuwa ujumbe kwa wakuu wa mji: anaweza kuondoka. Msimu wa 1957 ulipokwisha, akaondoka kweli kwenda Los Angeles.

Mwaka 1969 mji wa Seattle ulipewa timu mpya, Pilots, ikawekwa katika uwanja wa zamani wa ligi ndogo mpaka uwanja mkubwa ujengwe. Siku ya kufungua, mafundi walikuwa wangali wakipigilia viti. Kampuni ya timu ikafilisika, na siku chache kabla ya msimu wa 1970 kuanza timu ikapelekwa Milwaukee. Uwanja wa "kwa muda" ulidumu kuliko timu yenyewe.

Toronto ilirudi nyumbani, na Tampa Bay ilikuwa na paa la kutengenezewa. Oakland hairudiwi. Tofauti inaonekana mapema kwa anayetazama: walipokuwa wakicheza ugenini, kule kwao palikuwa na mtu anatengeneza? Toronto uwanja ulikuwa unangoja mpaka ufunguliwe. St. Petersburg mafundi waliingia kuezeka upya. Coliseum haikungoja mtu.

KWA MATAWI YETU

Hatukuandika haya ili mwipende besiboli wala mwichukie. Tumeandika kwa sababu siku moja mwajiri atasimama mbele yetu na neno lile. Huenda sababu yake ikawa ya kweli kabisa: mafuriko, moto, maradhi, mashine. Tusimkatalie kabla ya kumsikiliza. Lakini tumwombe aandike mambo machache. Muda huo utakwisha tarehe gani? Mahali pa zamani panatengenezwa na nani, na kazi imeanza? Kule tuendako vyoo, maji, zahanati na usafiri viko wapi, na nani alikwenda kuvikagua kwa niaba yetu? Asiyeweza kuhama, kwa sababu ya watoto shuleni au mzazi mgonjwa, atalipwa nini? Na vibarua wa wakala wamehesabiwa pamoja nasi, au wataambiwa kwamba si wa hapa?

Majibu ya maswali hayo huwa mepesi kupatikana kazi ikiwa inakwenda vizuri, na magumu sana malori ya kuhamia yakiwa yamekwisha kufika getini. Matawi ambayo mikataba yao ya pamoja itajadiliwa upya yaangalie kama kuna kifungu cha kuhamishwa na cha kufungwa kwa mahali pa kazi. Kama hakimo, makatibu wakiweke katika orodha ya madai sasa, nasi tuko tayari kusaidia kukiandika.